Bosi anabadilisha mfumo kwa voisi za usiku, ukimwandikia anasema humwamini. Mnafanyaje wenzangu?

DadaWaKimara

Wakuu, habarini za jioni. Niko ndani ya mwendokasi narudi Kimara, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, kwa hiyo herufi zikipishana mnivumilie.

Mimi ni mchambuzi wa biashara kwenye kampuni ya mikopo hapa mjini, jina libaki kwangu. Kwa wasioijua kazi hii, na ofisini kwangu ndio wengi, ni hivi: nakaa katikati ya wanaotaka mfumo na wanaoutengeneza. Nawauliza maofisa mikopo, wahasibu na wale wa kufuatilia madeni kazi zao zinakwendaje, naandika mfumo ufanye nini, mafundi wanajenga, kisha naangalia kama walichojenga ndicho kilichoombwa. Printa ikitafuna karatasi hainihusu, lakini naitwa mimi, maana "wewe si mtu wa kompyuta?" Kikao kikianza, wa kuandika ni mimi, maana "wewe una mwandiko mzuri". Na wanaume wote pale mezani wana kalamu mfukoni.

Hayo nimeyazoea. Lililonileta hapa ni Mzee.

Mzee ndiye mwenye kampuni. Alianzia chumba kimoja Kariakoo na kaunta buku, na mpaka leo wakopaji wa zamani anawajua mpaka majina ya watoto wao. Simsemi vibaya hata kidogo. Ila maamuzi yake yote kuhusu mfumo yanakuja kwa voisi ya WhatsApp, tena usiku.

Hii ya juzi nimeisikiliza mpaka nimeikariri. Mwanzo wote ananisalimia na kuuliza kama mtoto amepona kifua. Katikati honi zinapigwa, kuna mtu anamuuzia karanga dirishani, wanabishana bei. Halafu, kama kitu kilichomponyoka: "Ile penalti bwana, siku za sikukuu msiihesabu. Si ubinadamu kumtoza mtu faini siku ya Idd. Mwambie kijana aweke, dakika mbili hizo."

Dakika mbili! Saba Saba, Nane Nane, Muungano, hizo unaziingiza kwenye kalenda ya mfumo mwaka mzima na hazihami. Idd inasubiri mwezi uandame. Mfumo wetu unakokotoa penalti saa sita usiku, na tangazo la mwezi linakuja usiku huohuo, saa chache kabla. Nani atakaa macho aingize? Akipitiwa na usingizi je? Na kinachosimama ni penalti peke yake, au tarehe ya rejesho nayo inasogea mbele? Aliyeanza kuchelewa tangu mfungo haujaisha naye anasamehewa ile siku? Kila jibu hapo ni hela ya mtu.

Basi nikamwandikia. Shikamoo nimeweka, heshima zote nimeweka, chini nikapanga maswali yangu kwa namba na "naomba uthibitishe". Kesho yake akaniita. Angenifokea ningeelewa. Alikuwa ameumia kabisa. "Mwanangu, ndiyo tumefika mahali pa kuandikiana? Hatuaminiani?" Nilikosa pa kutazama.

Hati ya mahitaji, ile niliyoandika mfumo ufanye nini tangu mradi unaanza, iko kwenye droo yake, haina sahihi mpaka leo. Mafundi wanajenga alichosema kwenye voisi, wakimwonyesha anasema "mimi sikusema hivyo", na macho ya meza nzima yananigeukia mimi.

Hapo sijagusa Excel. Mfumo upo, umenunuliwa, lakini matawi bado yanatuma wateja wapya kwa Excel. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel ikidhani kitu ni namba inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inazigeuza sifuri. Mtu anachapa, seli inamwonyesha 1.98806E+19, anasema ah, imejifupisha yenyewe, anahifadhi, ananitumia. Tarakimu tano za mwisho ndiyo zimekwenda hivyo, hakuna fomula ya kuzirudisha. Na kwa kuwa nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kunitokea kama mtu mmoja mwenye mikopo miwili. Niliwaandikia mwongozo mzuri, una picha na mishale. Hakuna aliyeufungua.

Swali langu: mnafanyaje mtu mzima, mwenye mali yake, akubali maamuzi yakae kwenye maandishi bila kuona umemvunjia heshima? Ushauri wa "acha kazi" siutaki. Ada ya Januari hamtanilipia nyie.

---

KakaMkweli_Tabata

Acha kazi.

---

DadaWaKimara

Asante kaka, nilijua utapita.

---

FundiKodi

Pole sana dada. Mimi ndiye "kijana" wa kwenye hizo voisi. Si kwa Mzee wako, kwa wazee wengine.

Nikupe yangu ucheke kidogo. Kuna mteja aliagiza kwa mdomo kwamba SMS za kukumbusha marejesho ziende saa moja. Aliyepokea maagizo ofisini kwao akaandika 1:00, ikanifikia hivyo, ikaingia hivyo. Kompyuta haijui saa zetu. Watu wakaamshwa saa saba usiku kuambiwa wanadaiwa. Mama mmoja alipiga simu asubuhi anataka barua ya kumwonyesha mumewe kwamba ule ujumbe wa usiku wa manane ulitoka kwa kampuni ya mikopo.

Hapohapo tukapigwa tena. SMS moja ya kawaida inabeba herufi 160. Mtu wa masoko akakopi maneno kutoka Word, na Word ikawa imekipindisha kile kialama cha kwenye ng'. Kikinyooka hakina shida. Kikipinda hakimo kwenye herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo ujumbe mzima unahamishiwa herufi za aina nyingine, nafasi inabaki 70, na ukiwa mrefu unakatwa vipande vya 67. Ujumbe wa herufi 150 ukawa unalipiwa mara tatu. Bili ilipokuja, bosi wao alisema mafundi tunakula salio.

Kwa Mzee wako, acha maswali. Mpe mtu na hela. Juma anatakiwa kurejesha 60,000 kila Ijumaa, penalti asilimia moja kwa siku. Ijumaa hakulipa. Idd ikaangukia Jumapili, amekuja Jumanne. Ukihesabu siku zote anadaiwa 2,400. Ukiondoa Idd, 1,800. Ukiondoa na Idd Pili, 1,200. Mzee, Juma alipe ngapi? Hapo atajibu bila kujisikia anahojiwa, maana hiyo ndiyo hesabu aliyoizoea tangu kwenye kaunta buku.

NIDA: waambie wachape na vistari vyake. Excel ikiona vistari inajua ni maandishi, haigusi kitu. Bora zaidi safu nzima iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuchapa, lakini hilo hawatalifanya, tusidanganyane.

---

Wakili_wa_Mtaani

Kisheria huna haja ya sahihi ya kalamu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki na unapokelewa kama ushahidi. Hizo voisi zitunze, barua pepe zitunze.

Ila mimi kimenishtua kingine. Hayo mafaili ya Excel yenye NIDA za wateja yanasafirije? Kama ni kwenye grupu la WhatsApp, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Hapo anayeulizwa ni kampuni, na kampuni itakuuliza wewe.

---

DadaWaKimara

Wakili, la kwanza nimelipokea ila sioni nalitumia wapi. Nisimame mbele ya hakimu na voisi ya karanga, dhidi ya mtu anayemuulizia mwanangu kifua chake?

La pili umenishika pabaya. Ndiyo, ni grupu la WhatsApp. Tena kuna walioacha kazi zamani na bado wamo, mmoja siku hizi yuko kampuni nyingine ya mikopo na anaweka kidole gumba kila faili likitumwa. Kuwatoa nimeambiwa nisubiri, "watajisikia vibaya".

Fundi, Juma nimemchukua.

---

BiHazili

Mwanangu DadaWaKimara, hujambo. Pole na kazi, na mtoto naye pole.

Mimi nimestaafu. Nilisomea uhazili Tabora enzi za hatimkato, nikawa katibu muhtasi wa wakubwa mpaka nywele zikabadilika rangi. Karibu wote niliowatumikia walikuwa hawaandiki. Walisema, mimi nikaandika, wao wakatia sahihi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama simwamini.

Umepanga maswali kwa namba na chini ukaweka "naomba uthibitishe". Mwanangu, hayo ni maelezo ya polisi. Mtu wa umri wake akiyaona anatafuta kosa lake liko wapi. Na hiyo hati yako ya mahitaji, bila shaka ina jalada, ina toleo namba fulani, ina majina ya watu wa kuidhinisha ambao nusu yao ni vijana aliowaajiri yeye. Ataitiaje sahihi?

Lakini mtu huyohuyo amekulia kwenye vikao. Kikao cha shule, kikao cha harusi, kikao cha ukoo. Anajua kikao kinafunguliwa, muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa, unathibitishwa, mwenyekiti anatia sahihi, ndipo mnaingia kwenye yatokanayo. Ile sahihi ni ya cheo chake. Muhtasari ukikosa sahihi yake ndipo atakaponuna.

Hiyo kalamu wanayokusukumia, ishike. Usiwape tena hata wakiiomba. Wewe ndiye katibu wa kikao, na anayeandika muhtasari ndiye anayeamua kilichosemwa kimesemwaje. Hili wakubwa wanalijua, ndiyo maana zamani katibu muhtasi alikuwa anasalimiwa kabla ya naibu mkurugenzi.

Voisi ikija usiku, jibu kwa voisi. "Shikamoo Mzee, nimekusikia, nimeliingiza kwenye yatokanayo ya Jumatatu." Usimuulize kitu usiku, amechoka. Jumatatu lisome mbele ya wote: "Mwenyekiti aliagiza kuhusu penalti siku za sikukuu." Kisha mlete Juma wa huyu fundi na hesabu zake tatu, muombe mwenyekiti atoe mwongozo. Akishatoa, andika. Na siku atakayobadilisha, usithubutu kuandika kwamba Mzee amebadilisha. Andika "Kikao kiliboresha uamuzi wa awali".

---

MdauWaMiradi

Bi mkubwa shikamoo, na nakupa heshima yako. Ila kwa ofisi za sasa hilo naona gumu.

Kwetu kikao cha mradi kinajaza chumba. Nusu ya watu hawajui mradi unahusu nini, wamefuata posho na sambusa. Muhtasari unathibitishwa kikao kijacho, kikao kijacho kinaahirishwa kwa sababu bosi yuko Dodoma, kinachofuata kinaangukia sikukuu. Fundi anasubiri. Akichoka kusubiri anajenga anavyojua yeye.

Halafu mengineyo. Jamani mengineyo! Ajenda zote zimepita salama, watu wameshafunga laptopu, mtu anasafisha koo: "Mwenyekiti, kuna kajambo kadogo." Hako kajambo kadogo ndiko kamebomoa miezi ya kazi yangu. Kwetu kalikuwa "kila tawi liwe na bei zake", wakati mfumo mzima ulishajengwa kwa bei moja.

---

BiHazili

Marahaba mwanangu. Mengineyo nayo yanaandikwa. Kwani wewe ulipokuwa unafunga laptopu nani alikuambia kikao kimeisha?

Na sikusema asubiri kikao kijacho. Muhtasari mrefu una wakati wake. Siku hiyohiyo toa karatasi moja ya maazimio, ukurasa mmoja, imechapwa, cheo chake kimeandikwa kirefu chini ya mstari wa sahihi. Impelekee mwenyewe mkononi kabla chai haijapoa. Ukimtumia kwenye barua pepe umeitupa.

Wa Dodoma mpigie simu umsomee.

---

MdauWaMiradi

Sina la kusema. Naomba kazi kwako bi mkubwa.

---

FundiKodi

BiHazili ungekuwepo kwenye ile kazi ya saa moja, ndoa ya watu isingetikisika.

Dada, nyongeza moja tu. Kwenye hayo maazimio, tarehe ziandike kwa maneno. Tarehe 7 Januari, tarehe 1 Julai, hivyo. Ukiandika 07/01, kompyuta iliyowekwa Kimarekani inasoma Julai mosi, na hailalamiki. Inalalamika siku ikizidi 12 tu, kwa hiyo sehemu ya data inaharibika kimyakimya na nyingine inabaki nzima, ndiyo maana hakuna anayeshtuka mapema.

---

DadaWaKimara

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Jumatatu nimefanya kama BiHazili alivyosema, neno kwa neno. Kalamu nimeishika, kaka mmoja wa uhasibu akaniambia "leo umeamka na bidii". Nimesoma yatokanayo, nimemleta Juma. Jamani, Mzee aliamka! Aliuliza Juma anafanya biashara gani. Nikasema anauza nguo Mchikichini. Akasema basi wiki ya Idd ndiyo alikuwa na hela kuliko wiki zote, na hakulipa kwa makusudi. Meza ikacheka. Halafu akatulia, akasema bado, sikukuu ni sikukuu, Idd Mosi na Idd Pili zote zisihesabiwe, na Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka vilevile, asije mtu akasema kampuni ina upande. Tarehe ya rejesho haisogei. Wa kuingiza Idd kwenye mfumo ni mkuu wa kitengo cha madeni, na akisahau penalti inarudishwa asubuhi, hailipwi na mteja. Maswali yangu yote yamejibika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, na hakuna aliyeulizwa kama anamwamini mwenzake.

Nikakimbia kuchapa. Umeme ukakatika, jenereta ikachukua muda wake, printa ikatafuna karatasi ya kwanza, nikaifungua mwenyewe. Chai ilikuwa imepoa, BiHazili nisamehe.

Nimempelekea. Amevaa miwani, amesoma yote, ametoa kalamu yake ya wino. Nikajua hapa anatia sahihi. Akaanza kuandika pembeni. Ameandika kwa mkono wake: "Pia mwenye msiba wa kweli, siku saba." Ndipo akatia sahihi, na tarehe, na akaniuliza nakala yake iko wapi.

Ya matawi nimeyamaliza kwa njia yao. Mwongozo nimeuacha ulale. Nimerekodi voisi fupi: "Wapendwa, NIDA tuchape na vistari, bila vistari mteja anapotea." Temeke wamekuwa wa kwanza kutuma faili safi. La grupu nalipeleka kwenye yatokanayo ya wiki ijayo, kwa jina la Wakili na sheria yake. Bila kumtaja yule wa kidole gumba.

Sasa FundiKodi, najua si wewe unayejenga mfumo wetu, ila nisaidie kabla sijampelekea kijana hii karatasi. "Msiba wa kweli, siku saba" naiandikaje ili mfumo uielewe?

---

FundiKodi

Aisee.

Msiba wa nani? Mzazi, mwenza na mtoto hao sina wasiwasi nao. Shangazi? Jirani? Mwenyekiti wa kikundi chao cha mkopo akifariki, kikundi kizima kinasimama?

Anayethibitisha ni nani, ofisa mikopo au meneja wa tawi? Kwa kibali cha mazishi, au kwa kuwa alienda kuzika naye?

Siku saba zinaanza kufa au kuzika? Kuna watu wanasafirisha mpaka Kagera.

Na ni siku saba za kalenda au za kazi?

---

DadaWaKimara

Nimeshazikopi zote. Jumatatu.